Shavu la Kushoto

Kofi lake nalijua kuliko salamu yake.
Miaka kumi na mmoja, mnada hadi mnada,
Kibaigwa, Mpwapwa, Hombolo, Bahi,
Chilongani alinizaba shavu la kushoto
watu wakacheka.
Lilikuwa kofi la uongo: mkono mmoja unapita hewani,
wa pili unapiga paja, mimi napepesuka.
Ila siku za njaa aliusahau uongo.

Tumbo la matambara, masizi ya sufuria usoni,
mguu huu kiatu, ule kandambili.
Akiingia tu, kabla hajafungua kinywa,
wauza mahindi waliacha debe nusu.
Mama mmoja alicheka akirudi nyuma,
akirudi nyuma, akakalia mzani wa magunia,
mzani ukasema kweli mbele ya mumewe,
tukacheka upya. Siku ile tulikula nyama.

Kisha mama yake akafa.
Mvumi, mwezi wa tisa,
upepo unafukia kaburi kabla ya majembe.
Wakampa karatasi asome wasifu.
Akasimama, akakohoa.
"Mama yetu Sechelela, jina lenye maana ya furaha..."
Mtoto mmoja akacheka.
Kisha baba wa mtoto.
Kisha kwaya, vitabu vya nyimbo mbele ya vinywa,
mabega yanatikisika kama ya wenye kulia.
Nami nilikuwa karibu,
nimeshika shavu, nasubiri,
na Mungu anisamehe, meno yangu yalikuwa nje.

Hakufika hata kwenye mwaka wa kuzaliwa.

Sura yake akaifunga kama duka la marehemu.
Tulikutana sokoni Majengo, akavuka barabara.
Mimi nikaingia kwenye mayai.

Aliyemfukua ni kijana wa chuo, Ndahani,
mwenye kompyuta na chumba cha kupanga Nkuhungu,
magodoro yamegongomelewa ukutani,
dari nzima trei za mayai: mia mbili, nilimuuzia mimi,
bila kujua zinaenda kuziba nini.
Alikuwa amechora pimbi wa mlimani, mfupi, mwenye miwani,
anayewadai mijusi kodi ya jua.
Pimbi alikuwa na kila kitu ila sauti.

Chilongani aliingia kwa sharti moja: taa izimwe.
Akabana pua, akameza mate,
na ikatoka sauti ambayo mji mzima sasa unaiga.
Wanasema kaibuni. Labda.
Mimi nililelewa nyumba ya pili kutoka kwao,
namjua mwanamke aliyewagombeza mbuzi hivyo hivyo
wasiingie kwenye uwele.
Sijamwambia. Hajaniuliza.

Saa nne usiku, simu:
"Pimbi anampiga mjusi. Njoo. Njoo na shavu."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Paja likipigwa, alisema, husikika paja;
kipaza sauti si mnada, hakidanganyiki.
Tukarudia mara tisa.
Mara ya saba mbwa wa jirani akabweka.
Ya nane, treni.
Ya tisa ikashika.
Elfu kumi na chai ya rangi,
na kabla sijatoka akanigusa pale palipowaka,
kwa mgongo wa kiganja,
kama mtu anayepima homa.

Jumamosi napeleka mayai Chang'ombe.
Dukani, televisheni iko juu ya friji,
watoto wamekaa sakafuni na miguu ya vumbi.
Pimbi anafoka, mjusi anachapwa, pa!
watoto wanagaagaa.
Na yeye yupo, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi,
ananunua sukari robo kwa kuonyesha kidole.
Hasemi. Akisema, watageuka.
Mimi nimebeba trei kwa mikono yote miwili,
shavu linawasha,
sina mkono wa kulikuna.